Kifungo cha Koti la Mzee

Kabla ya alfajiri kopo la vifungo lilitikisika: chaka, chaka. Alikuwa binti yangu, fundi cherehani, akichagua vya kuuza kwenye duka lake la mtandaoni. Mjukuu wangu Chiriku, tuliyemwita hivyo kwa kupenda kuongea, aliamka akachukua simu ili apige picha.

"Wateja wasipokuja mwezi huu, mwanangu, duka hili nalifunga," alisema mama yake.

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Basi picha zile akaziongezea wekundu, mpaka vifungo vya kahawia vikapendeza kuliko vilivyo.

Jioni akaja nyumbani mteja wa kwanza, dereva mstaafu aliyeziona picha, amekumbatia koti. Lilishonwa na marehemu mkewe, na kesho yake angelivaa kwenye mahafali ya binti yao. Kifungo kimoja cha kifuani kilikuwa kimedondoka na kupotea. Mzee alilinganisha kifungo cha dukani na vile vya koti, akatikisa kichwa.

"Kwenye simu kilikuwa rangi ya damu ya mzee," alisema. "Hapa namwona mzee mwenyewe, damu imemwisha!"

Tulicheka, isipokuwa Chiriku. Machozi yalimlenga.

"Nisamehe, babu. Niliiongezea picha rangi ili wateja waje."

"Afadhali umesema mwenyewe," mzee akamjibu, akamsogezea kiti akae karibu naye.

Mama yake Chiriku hakufoka. Alifumua kifungo cha chini kabisa cha koti, ambacho hakuna anayekitazama, akakishona kifuani. Kile cha kahawia akakishona kule chini, mahali pake. Mzee akalivaa, akajipapasa kifua.

"Mke wangu angekusifu, fundi," alisema.

Chiriku alifuta picha zote. Asubuhi akapiga nyingine dirishani, kwenye mwanga wa jua, kila kifungo kando ya kitu ambacho rangi yake inajulikana na wote: chumvi, mkaa, majani ya chai. Mzee akawaonyesha wenzake, nao wakaanza kuagiza.

"Umeona, mama?" binti yangu alimwambia mwanawe. "Picha ya uongo humleta mteja mara moja, kisha humfukuza. Ya kweli humleta yeye na jirani yake."

Jumapili tulikwenda kumjulia hali mzee. Alituonyesha picha za mahafali, kisha akatusindikiza mpaka njiani, mkono wa Chiriku hataki kuuachia.

"Njooni tena," alisema. "Si lazima kwanza kifungo kipotee."