Kila Alama na Uzito Wake

Kila Jumapili baada ya misa mimi hupitia kwa Don Fidencio na mkewe, Hermelinda. Binti yao Marisela nilimsimamia mimi siku ya ubatizo wake. Kwa hiyo yeye huniita madrina, yaani mama wa ubatizo, na mimi na wazazi wake tunaitana compadre, kwa mwanamume, na comadre, kwa mwanamke, mpaka tuingie kaburini. Kwao sipigi hodi. Naingia, napewa tamale la moto, kinyunya cha mahindi kilichopikwa ndani ya ganda, na kikombe cha uji wa mahindi, ndipo naulizwa habari.

Jumapili hiyo hata uji sikupewa. Nilimkuta Marisela ameweka ubao uani, amevaa viatu vya kisigino, anapiga miguu kama anaua mende. Baba yake alikuwa amekalia mzigo wa matete, anapiga makofi.

"Kisigino, mwanangu! Kisigino! Mwalimu anataka kusikia kisigino!"

"Baba, miguu inawaka moto."

"Iache iwake. Ukipoteza ufadhili tutawaka sote."

Nilimtazama Hermelinda. Alitikisa kichwa, akaendelea kufunga tamale.

"Comadre," nikamwuliza, "mtoto anasomea uhandisi wa kemia au ameajiriwa na kikundi cha ngoma?"

"Mwulize bwana hesabu huyo," akajibu.

Compadre hutengeneza minara ya fataki kwa sikukuu za watakatifu. Kazi hiyo imeulisha mtaa wetu tangu enzi za mababu, na imetula pia. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Ameapa kwamba Marisela hatashika baruti. Marisela anasoma chuo kikuu mjini kwa ufadhili, na ufadhili una sharti lake: wastani wa nane na nusu juu ya kumi, kila muhula. Ukishuka chini ya hapo, unafutwa. Ukifutwa, unarudi nyumbani, na hapa kwetu kazi ni moja tu.

"Haya, nieleze," nikamwambia compadre.

"Jambo dogo. Ana masomo matano. Matatu yamefungwa: kemia amepata tisa, hisabati nane, Kiingereza nane. Mawili bado. Somo la joto na nishati ana nane. Ngoma za jadi ana saba, kwa sababu alikosa mazoezi. Wiki hii mchana wenye nafasi ni mmoja tu: ama aende kwenye mazoezi ya ngoma, ama akae na wenzake kujiandaa kwa mtihani wa joto. Sasa angalia. Akicheza vizuri, ngoma inapanda toka saba mpaka kumi. Alama tatu hizo! Joto ni gumu, akijitahidi sana atapata tisa. Alama moja tu. Mjinga gani ataacha tatu akafuata moja?"

"Na wastani?"

"Jumlisha, gawanya kwa tano. Akichukua ngoma, arobaini na tatu kwa tano: nane nukta sita. Tumepona! Akichukua joto, arobaini na moja kwa tano: nane nukta mbili. Tumekwisha."

"Nani kakufundisha?"

Akajipiga kifua. "Comadre, umesahau? Marisela alipokuwa darasa la sita, nani alibeba bendera ya shule, anayopewa mwenye wastani wa juu kuliko wote? Huyu hapa. Na wastani wake niliupiga mimi, kabla ya mwalimu mkuu. Jumlisha, gawanya, basi!"

Kweli, alibeba bendera, na compadre alitembea mtaani mwaka mzima shingo juu. Katika shule ya msingi hesabu yake ni sahihi, maana masomo yote yanahesabiwa sawa. Lakini mimi nafanya kazi katika ofisi ya alama ya chuo kimoja. Wazazi na wanafunzi waliokuja kwangu na hesabu ya bendera hawahesabiki, na wengine walikuja wakati maji yamekwisha kumwagika.

"Marisela, vua viatu," nikasema. "Kila somo lina krediti ngapi?"

"Joto kumi. Kemia nane, hisabati nane, Kiingereza nne. Ngoma mbili."

"Kwenye sharti la ufadhili pameandikwa wastani gani?"

Akafikiri. "Wastani wenye uzito, madrina. Nilidhani ni maneno yao tu ya ofisini. Krediti nilijua ni za kuhesabia shahada imefika wapi."

"Ni za yote mawili. Krediti ndiyo uzito wa somo. Huwezi kujumlisha alama zikiwa uchi. Kwanza unazidisha kila alama kwa krediti zake. Kisha unajumlisha majibu yote. Halafu unagawanya kwa jumla ya krediti, siyo kwa idadi ya masomo."

"Krediti zote ni thelathini na mbili," akasema Marisela taratibu.

"Haya, piga. Kwanza ya ngoma. Joto libaki nane, ngoma iwe kumi."

Akapiga kwa mdomo huku akitazama juu. "Joto nane mara kumi, themanini. Kemia tisa mara nane, sabini na mbili. Hisabati sitini na nne. Kiingereza thelathini na mbili. Ngoma kumi mara mbili, ishirini. Jumla mia mbili sitini na nane. Kwa thelathini na mbili..." Akanigeukia. "Nane nukta tatu saba. Haifiki."

"Uongo!" compadre akaruka kutoka kwenye matete. "Kumi ni kumi! Mtoto apate kumi halafu aanguke? Namba za mdomoni zinakubali lolote, comadre. Mimi naamini ninachokishika."

"Basi tukupe cha kushika," akasema Hermelinda. "Maharage si yapo?"

Sijui Hermelinda aliwaza nini, ila maneno yake yaliniamsha. Nilichagua tete moja, jepesi na lililonyooka. Marisela akalitia alama kwa kisu, nafasi zikiwa sawa: sita, saba, nane, tisa, kumi, na vialama vya nusu katikati. Hermelinda akaleta vifuko vya kitambaa na kikombe kidogo cha kahawa. Kila krediti kikombe kimoja cha maharage. Kifuko cha joto kikatiwa vikombe kumi, kikanona. Cha ngoma vikombe viwili, kikalegea kama soksi. Kila kifuko tukakining'iniza kwenye alama yake.

"Compadre, wewe unajua kusawazisha gurudumu la fataki," nikamwambia. "Tafuta mahali ambapo tete hili halilali upande wowote. Pale ndipo wastani ulipo."

Akaliweka juu ya ukali wa kisu, akalisogeza polepole. Likatulia mbele kidogo ya nane.

"Hapo ndipo alipo leo. Sasa mpe ngoma yako."

Akakichukua kile kifuko kidogo, akakihamisha kutoka saba mpaka kumi. Mwendo mrefu ajabu, karibu tete zima. Akatafuta tena mizani. Kisu kilisogea kidogo tu. Kialama cha nane na nusu kilikuwa mbele, hakijaguswa.

"Hee!" akasema compadre.

"Irudishe ngoma saba. Sasa kisogeze cha joto. Hatua moja."

Kifuko cha joto akakibeba kwa mikono miwili. Kutoka nane mpaka tisa, upana wa kiganja. Akaweka kisu, akaanza kusogeza. Tete likayumba, likayumba, likatulia.

Kisu kilikuwa chini ya kialama cha nane na nusu. Pale pale, bila kuzidi, bila kupungua.

Nimefanya kazi ya alama kwa miaka mingi na hesabu hii naijua hata nikiwa usingizini. Lakini sikuwahi kuiona kwa macho. Marisela alipiga hesabu kwa kunong'ona: tisini, sabini na mbili, sitini na nne, thelathini na mbili, kumi na nne. Mia mbili sabini na mbili. Kwa thelathini na mbili, nane na nusu kamili.

Compadre alivua kofia.

"Mama yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Hesabu na maharage vimeambizana?"

"Havikuambizana, compadre. Ni kitu kile kile."

Akalizunguka lile tete, akainama, akalichungulia kwa chini kama anatafuta uzi uliofichwa. "Na mimi nilikuwa namchezesha mtoto ngoma," akasema. "Marisela, funga mizigo. Nenda kwa wenzako leo hii."

"Nile kwanza, baba?"

"Utakula njiani!"

Hermelinda akamfungia tamale sita, na moja akanitupia mimi. Nilistahili.

Siku ya matokeo nilikuwa nimeketi nao uani. Simu ilipolia, compadre aliiweka kwa sauti kubwa.

"Baba," akasema Marisela, "ngoma saba. Joto tisa."

Hermelinda akapiga kelele za furaha. Compadre akamnyamazisha kwa mkono.

"Ngoja, mama. Ngoja kwanza."

Akafumba macho. Hakuomba kalamu, wala hakunitazama mimi. "Tisa mara kumi, tisini," akaanza. Alikwenda somo kwa somo, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani, na kule upande wa pili binti yake alisubiri bila kumsaidia. Alipokosea hisabati, alirudi nyuma akarekebisha mwenyewe. Akafika mia mbili sabini na mbili. Kugawanya kulimchukua muda mrefu, na machozi yalianza kushuka kabla hajamaliza.

"Nane na nusu," akasema.

"Nane na nusu, baba."

"Nimeiona. Safari hii nimeiona mwenyewe." Akajifuta uso. "Sasa sikiliza, mwanangu. Ufadhili umebaki, hurudi huku kwenye baruti. Baki huko, usome."