Mabega ya Nephtali

Jumamosi asubuhi, pale watu wa Kisangani wanapopanda pirogi za moteri kuvuka mto kwenda Lubunga, Naomie alifika na kichwa cha mashine ya kushona kimefungwa nyuma ya toleka, baiskeli ya kukodi. Kilikuwa chuma kitupu. Alivaa blauzi nyeupe na kitenge cha njano alichokishona mwenyewe, na jasho lilikuwa limeanza kuharibu poda usoni. Ukingo wote wa mto ulinuka samaki wa moshi na petroli. Mwenye baiskeli akaishusha mashine kwenye tope, akaondoka zake.

Karibu naye alisimama kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi, mabega mapana kama mlango.

"Papa, samahani. Unisaidie kupandisha hii mashine."

"Pole, mama. Siwezi."

Naomie alidhani hakusikia vizuri. "Mwanaume muzima, na mabega yote haya, unasema huwezi?"

"Mabega iko ya kupendeza macho tu," kijana alijibu, akamwita mpagazi. Ndani ya pirogi alisimama kando ya Naomie, akamkinga jua kwa mwavuli wake.

Naomie akamgeukia. "Hiyo sauti naijua. Si wewe unasomaka matangazo ya vifo kwenye radio?"

"Ni mimi. Nephtali."

"Kila asubuhi unanitiaka huzuni mbele ya chai!"

"Bon. Leo basi nikuchekeshe."

Na kweli alimchekesha mpaka ng'ambo.

Kuanzia siku ile simu hazikukoma. Saa sita mchana, akitoka studio, Nephtali alipiga.

"Chérie, unafanya nini?"

"Niko nashona."

"Unashona nini?"

"Mudomo yako, juu unaongea sana."

Jumapili baada ya misa walikwenda karibu na maporomoko kula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma, Nephtali kwa suruali nyeusi na viatu vinavyong'aa, Naomie kwa gauni ambalo kila wiki lilikuwa jipya. Nephtali hakupenda kupanda ngazi haraka. Kila asubuhi alimeza vidonge viwili, akisema ni vitamini. Naomie hakuuliza zaidi. Mtu akipenda, hapekui mifuko.

Mwezi wa nane tangu wajuane, Papa Timothée, baba yake Naomie, alikufa ghafla. Nephtali ndiye aliyesoma tangazo. Alilisoma polepole, kila jina la ukoo mahali pake, na Naomie akalia kwa shukrani.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gari likazama kwenye matope mbali na kaburi, ikabidi jeneza libebwe mabegani. Wanaume sita waliliinua. Hatua chache tu, mmoja wao akateleza, akaumia goti, na jeneza likainama. Tonton Octave, mdogo wake marehemu, akapaza sauti:

"Nephtali! Kuja hapa, haraka!"

Watu wote wakageuka. Nephtali, ndani ya suti yake nyeusi, alipiga hatua moja mbele, akasimama. Akatikisa kichwa.

"Unakataa? Unakataa kubeba baba ya muchumba wako?"

Hakujibu. Alitazama chini.

Naomie akavua viatu. Akapita kati ya wanaume, akaweka bega lake chini ya jeneza la baba yake, akalibeba miguu mitupu kwenye tope mpaka kaburini. Hakugeuka nyuma.

Jioni simu ikalia.

"Naomie, chérie, niache nikueleze..."

"Kule makaburini, watu wote walikungoja ueleze. Ulinyamaza. Basi endelea kunyamaza."

Akaifunga namba ya Nephtali isimpigie tena. Kwa wiki tatu alimsikia kwenye radio tu, akisoma majina ya maiti za watu wengine. Kila asubuhi aliapa kuizima, na kila asubuhi aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha Jumanne moja matangazo yakasomwa na sauti nyingine. Jumatano pia. Alhamisi, Naomie akaacha gauni la harusi ya mteja chini ya sindano, akapiga simu. Aliyepokea alikuwa mama yake Nephtali.

"Mwanangu, tuko hospitali. Ni moyo yake. Hakukuambia?"

Alimkuta amelala, amekonda, nyaya kifuani. Mama yake akatoka nje. Naomie akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sema sasa. Yote."

Nephtali akasema. Akiwa na miaka minne, kule Isangi, alipata homa iliyokataa kushuka karibu wiki mbili. Macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka, ulimi mwekundu, mikono imevimba. Kisha ngozi ya ncha za vidole ikabambuka. Watu walisema ni surua. Homa ikaisha, mtoto akarudi kucheza, wakasahau. Miaka ishirini baadaye alianguka uwanjani akicheza mpira. Daktari wa moyo kule Kinshasa alimwuliza mama yake habari za utotoni, na mama akaikumbuka ile homa.

"Inaitwa ugonjwa wa Kawasaki."

"Kama pikipiki?"

"Kama pikipiki. Ni jina ya munganga, daktari wa Japani, mwenye aliigundua." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Ilivimbisha mishipa yenye inalisha moyo damu. Mishipa ikabaki na vifuko. Damu inaweza kuganda mule, na ikiziba, ni mwisho. Ile vidonge haiko vitamini, Naomie. Inazuia damu kuganda. Na nimekatazwa kubeba vitu vizito."

"Na ulishindwa kusema vile mbele ya kaburi?"

"Ungesema nini, wewe? Kwamba mwanaume mwenye anataka kukuoa, moyo yake iko mubovu? Nani angenipatia binti?"

"Haikuwa juu ya jeneza," Naomie alisema. "Nililibeba. Ningelibeba hata mara kumi. Uliniacha peke yangu na uongo wako, mbele ya maiti ya papa. Hiyo ndiyo iliniuma."

Nephtali alilia bila kujificha. Naomie akaushika mkono wake.

"Ukipona, utakuja kwetu. Utasema kila kitu, wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Alikuja mwezi uliofuata, taratibu, na shati jeupe lililokuwa sasa kubwa kwake. Tonton Octave hakumpa mkono. Akiwa amesimama katikati ya sebule, Nephtali akasimulia homa, mishipa, vidonge, kila kitu. Kisha akasema, "Tonton, muniwie radhi. Sikuzarau marehemu. Niliogopa kusema."

Octave akamkazia macho. "Munganga alikupatia miaka ngapi?"

"Hakuhesabu. Alisema dawa kila siku, na kupimwa kila mwaka."

"Donc unataka kumuvalisha binti yetu nguo ya ujane?"

Mama Honorine, mjane wa Papa Timothée, alikuwa pembeni ndani ya nguo zake nyeusi. Tangu mazishi alikuwa haongei sana.

"Octave," alisema, "kaka yako alikuwa anabeba mifuko ya sementi. Hakuna munganga alimukataza kitu. Alikufa na kikombe ya chai mukononi, sikupata hata wakati ya kumuaga. Huyu kijana ametuambia ukweli. Mimi na Timothée tuliishi pamoja miaka makumi tatu, na hakuna mutu alituahidi hata moja."

Naomie akasimama, akasogea mpaka kando ya Nephtali.

"Unanitaka ao haunitaki? Sema, wasikie."

"Ninakutaka. Kwa siku zote zenye niko nazo."

"Na mimi ninazitaka, hata zikiwa kidogo."

Octave alimtazama binti ya kaka yake, kisha shemeji yake, kisha yule kijana ambaye tangu aingie hakuna aliyempa kiti. Akainuka, akavuta kiti chake mwenyewe, akakisukuma mbele ya Nephtali.

"Ikala," alisema kwa sauti ya chini. "Mukwe haongee na wakubwa akiwa amesimama."