Usimwoshe Mama Kwanza

Mwezi wa nne mpunga wa Dorotea ulikuwa umebeba masuke, na ndege hawajui Jumapili. Kutwa nzima yeye na mumewe Faustino walipiga madebe kuwafukuza, shambani ng'ambo ya mto pale Kivukoni. Walilala huko huko kibandani. Mama yake, Bibi Digna, alikuwa amepooza mguu mmoja, na kule shambani maji yalikuwa yamejaa. Kwa hiyo walimpeleka kwenye nyumba ya mtu binafsi ya kutunzia wazee, Ifakara mjini, mpaka mavuno yaishe.

Wiki ya tatu Dorotea alikwenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

Bibi Digna alificha mikono ndani ya kanga. Dorotea aliifunua taratibu, akaona michubuko ya kamba kwenye vifundo vyote viwili. Kanga ilinuka mkojo wa siku nyingi. Mhudumu alipotokea mlangoni, mama aliirudisha mikono ndani ya kanga upesi.

"Alianguka," mhudumu alisema. "Wazee wanaanguka."

Dorotea aliingiwa na hofu. Akiuliza, kisha wamkatalie kumchukua mama, nani ataadhibiwa kwa swali lake?

"Naenda naye nyumbani," alisema tu.

Mhudumu alileta karatasi. "Saini hapa kwamba ametoka mzima."

Dorotea alisaini. Alitaka kutoka pale haraka.

Nyumbani alibandika maji jikoni, akatafuta sabuni na mafuta. Mtu hampeleki mama yake hospitali akiwa ananuka. Watu watasema nini? Mama mchafu ni aibu ya binti.

Maji hayajapata moto, jirani yake Rabia aliingia. Rabia ni msaidizi wa kisheria pale mtaani. Watu humletea kesi za mashamba na za ndoa, naye hawatozi kitu. Aliitazama mikono ya Bibi Digna.

"Dada Dorotea, epua hayo maji. Usimwoshe mama kwanza."

"Ananuka, dada. Nitampitishaje mbele za watu?"

"Mpitishe hivyo hivyo. Polisi na daktari waone ulichoona wewe. Ukimwosha na kumbadilisha nguo, wale watasema alitoka safi."

"Nimeshasaini kwamba ametoka mzima." Dorotea aliepua maji. "Si watanifunga mimi?"

"Hakuna wa kukufunga. Saini yako haifuti kidonda. Utawaeleza polisi kwamba uliogopa. Mficha uchi hazai, dada."

Rabia alimweleza njia. Kwanza polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo hutolewa PF3, fomu ambamo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Mgonjwa akiwa na hali mbaya sana, hospitali kwanza, fomu baadaye. Kisha afisa ustawi wa jamii apewe taarifa.

"Kesi ikifika mahakamani, tutatafuta wakili wa msaada wa kisheria," Rabia alisema. "Huyo humlipi."

Walikwenda kwa bajaji. Kituoni watu wawili waliziba pua. Dorotea alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini hakurudi nyuma.

Askari wa kike, Happyness, alichutama mbele ya Bibi Digna. "Bibi, nani alikufunga kamba?"

Bibi Digna aliutazama mlango. "Nikisema, nitarudishwa kule?"

"Hurudi, mama," Dorotea alisema. "Kule hurudi tena."

Ndipo Bibi Digna akaitoa mikono ndani ya kanga, akaiweka mezani. Alilitaja jina la mhudumu. Kisha akasema, "Na Mzee Hermenegildi? Bado amefungwa chumba cha nyuma. Hana mtoto wa kumsemea."

Happyness aliweka kalamu chini, akampigia simu afisa ustawi wa jamii.

Leo mhudumu yule ana kesi mahakamani, na PF3 ya Bibi Digna imo kwenye jalada. Nyumba ile imefungwa, na wazee wote watano wamehamishiwa mahali salama. Dorotea na Faustino wanapokezana, mmoja shambani, mmoja na mama. Ndege wamekula mpunga kiasi; waache wale.

Lakini mtaani watu husimulia zaidi habari ya alasiri ya siku ile. Happyness na afisa ustawi waliufungua mlango wa chumba cha nyuma, wakamkuta Mzee Hermenegildi amefungwa kitandani. Walipoikata kamba hakuomba maji. Aliuliza kama Digna bado yu hai.

"Yu hai, mzee," Happyness alimjibu. "Ndiye aliyetutuma."