Mgeni wa Chumba cha Pili

Nesi alipanga chumba peke yake, lakini kila saa saba mchana, jua likiwa utosini, ukutani zilisikika sauti mbili.

Mpokezi wa hoteli, mwanafunzi mwenzake aliyekaa chumba cha jirani, alizisikia tangu siku ya tatu. Alikuwa amemwacha mama yake mgonjwa nyumbani, akaja ng'ambo peke yake kusoma Kihispania wiki tatu, kwa kuwa meneja wake kazini alisema atakayekijua ndiye atakuwa mkuu wa mapokezi. Darasa zima, wenye Kiswahili walikuwa yeye na Nesi tu. Walianza siku moja, wote mabubu. Wiki haijaisha, Nesi anatiririka na mwalimu anampigia makofi, huku Mpokezi bado anakuna kichwa akitafuta neno la "jana". Tusifichane, kijicho kilimwingia mpaka chakula kikawa hakipiti.

"Mchana unaongea na nani?" alimuuliza Nesi kwenye ngazi.

Nesi alitazama nyuma kwanza. "Ananifundisha," alinong'ona. "Sura yake sijaiona. Ana wivu, dada. Tangu aje, nikimpigia mume wangu koo linaniziba. Natafuta namna ya kumtoa."

Katika yote hayo Mpokezi alisikia neno moja tu, ananifundisha. Mengine aliyaita uchoyo.

Kesho yake saa saba alibandika shavu ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, na harufu ya nywele zilizoungua ilipenya kutoka upande wa pili. Sauti ya kiume ilikuwa ikimsahihisha Nesi taratibu, kwa upole ambao Mpokezi hajawahi kuonjeshwa na mwalimu yeyote. Kihispania cha kumwitia hakuwa nacho. Akatumia sauti yake ya kazini, ile anayowapokelea wageni wakitua mizigo.

"Karibu. Karibu na huku, nafasi ipo."

Kule kukanyamaza. Mlango wake ukabishwa mara tatu, na kabla hajajiuliza ni nani, mdomo uliozoea kupokea watu miaka tisa ukasema "karibu" tena, kitasa kikazunguka, mlango ukafunguka bila mtu, godoro likabonyea pembeni yake kama mtu mzito ameketi, na ile harufu ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka.

Asubuhi Nesi hakujua hata salamu ya Kihispania. Lakini alikuwa uani na simu sikioni, akimchekea mumewe kwa Kiswahili huku akilia. Mpokezi alipigiwa makofi darasani na akamdharau Nesi kwa furaha yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, naye alijiona amepona kweli.

Jioni alimpigia mama yake. Alipotaka kusema "shikamoo", vidole visivyoonekana vikamshika koo. Siku ya pili maneno matatu ya Kiswahili yakampotea, siku ya tano akapotelewa na majina ya vitu vya jikoni, na kadiri Kihispania kilivyomjaa mdomoni ndivyo kile cha mama yake kilivyofutika, neno kwa neno, hadi akarudi nyumbani anaelewa kila kitu na hana hata moja la kujibu.

Cheo alipewa. Mama alipewa binti asiyeweza hata kumwambia pole.

Mganga wa kike aliyeitwa alimkuta Mpokezi ameketi kitandani kwake, akanusa ile harufu ya nywele zilizoungua, akarudi mlangoni. "Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Kakaribishwa. Aliyemkaribisha amuage mwenyewe, kwa lugha ileile aliyomkaribishia. Mimi sina zaidi."

"Mwanangu," mama alimbembeleza, akimshika mkono kwa mikono yake iliyokonda. "Neno moja tu. Sema kwaheri. Nami nisikie sauti yako kabla sijafa."

Alilijua neno lile. Alikuwa amewaambia wageni elfu, wakibeba mizigo yao. Akalikusanya kwa nguvu zake zote, akaminya macho, jasho likamtiririka, godoro likabonyea pembeni yake, na mdomo ukafunguka wenyewe ukatoa neno la Kihispania, tamu, bila kigugumizi.

Mama akatabasamu, machozi yakimlenga. "Ndiyo kwaheri ya huko hiyo? Amemuaga, eti?"

Mganga hakukijua Kihispania. Mpokezi alikijua. Neno lililotoka maana yake ilikuwa "karibu", na hakuwa na ulimi wa kumwambia mama yake.