Ngoyi Anasikia Imbwa mu Phonie

— Hii imbwa itakufa leo!

— Juu ya nini? Imekuuma wewe?

— Imepasula suruali ya mutoto wa batu! Unangoja ikule mutu muzima?

— Na wewe unaipiga fimbo kila siku. Fimbo imesaidia nini, Banza? Sema!

Banza akainua fimbo. Bibi yake Stéphanie alisimama mbele ya imbwa, mikono ku kiuno. Nyuma yake Baseme, ile imbwa, alikuwa anatetemeka ku munyororo.

Hapa ni Kapata, Kolwezi, mwaka ile kazi ya mine, ya kuchimba shaba, ilianguka na Bakasai, batu ya Kasai, balifukuzwa. Baseme alikuwa imbwa ya jirani yao, Ngoyi. Ule alifundishaka imbwa za kulinda kampani. Batu balifika na mafilimbi, bakamufukuza na jamaa yake yote, juu ni Mukasai. Akapanda train, akaacha imbwa kwa Stéphanie.

Toka ile siku, Baseme akiona batu wengi, anaruka. Banza akafanya sawa batu wote ya cité, ya mutaa, banafanyaka: munyororo mufupi, na pili-pili mu bukari, ile ugali yake, ili imbwa ikuwe bukali kwa bezi. Sasa iko bukali kwa kila mutu.

Chef wa bloc, mukubwa ya mutaa, tata Gracien, akakata neno:

— Mpaka Pasaka. Ikirukia mutu tena, tunaiua.

Stéphanie akavuta bwana yake na imbwa mpaka kwa Omer, mwenye phonie, ile radio ya kuongea na miji ya mbali. Omer akaita, akaita. Kisha sauti ikatoka mu kisanduku, toka Mwene-Ditu, kule Kasai:

— Mama Stéphanie! Ni mi, Ngoyi. À vous, zamu yenu!

Baseme akainua masikio. Akazunguka nyuma ya kisanduku, anatafuta mutu.

— Tata Ngoyi, banataka kuua imbwa yako! Inabwekea kila mutu. À vous.

— Niache nisikie.

Omer akafungua mulango. Batu balikuwa banapita mu njia. Baseme akabweka mpaka mabati ikalia. Stéphanie akasogeza micro, ile ya kusemea, karibu na kinywa ya imbwa.

— Ee, Ngoyi akasema. Ile haiko bukali. Ile ni woga. Sikia mwisho ya sauti: inapanda sawa mutoto analia.

Stéphanie akaangalia kisanduku. Mutu eko mbali vile, na anasikia moyo ya imbwa!

— Mutu akipita, munafanya nini?

— Banza anaipiga.

— Basi imbwa inajifunza hivi: mutu akitokea, fimbo inakuya. Wewe ungependa batu?

Omer akacheka. Banza hakucheka.

— Achani pili-pili, Ngoyi akasema. Toeni munyororo, kamata kamba ndefu. Lakini usiiachilie, imbwa ya woga inauma. Simama mbali, pahali inaona batu na haibweke. Mutu akitokea, toa chakula. Akienda, chakula inaisha. Ikibweka, maana yake ulisogea karibu sana: geuka, rudi nyuma. Hakuna fimbo.

— Chakula? Tata, hata shiye tuko na njaa!

— Makoko ya sufuria. Kidogo, sawa kucha.

— Makoko njo chakula ya Banza!

Bakaanza. Siku moja Stéphanie akafanya haraka, akasogea karibu na soko. Baseme akamuvuta, mama akaanguka mu matope. Ku phonie Ngoyi akamuuliza: "Haraka ya nani, mama? Rudi nyuma." Akarudi. Polepole bakasogea. Banza akaanza kukwangula sufuria yeye mwenyewe, na kupatia imbwa makoko yake.

Pasaka ikafika. Batu bakatoka ku misa, njia yote ikajaa, na ngoma na nyimbo. Tata Gracien alikuwa mbele. Stéphanie alikuwa ngambo ya njia na kamba mu mukono.

Baseme akakauka sawa muti. Manyoya ya mugongo ikasimama.

Kisha imbwa ikageuza kichwa. Ikaacha batu wote na ngoma yao, ikaangalia uso ya Stéphanie. Akaipa koko. Ikaangalia tena. Batu bakaacha kuimba, moja moja, bakaangalia imbwa.

— Mungu yangu, Banza akasema.

Tata Gracien akauliza:

— Nani amefanya hii?

— Ngoyi, tata chef, Stéphanie akasema.

— Ngoyi eko Kasai!

— Ndiyo, tata. Eko kule.

Chef akaangalia imbwa. Imbwa haikumuangalia.

— Ibakie. Mushike kamba nguvu, akasema.

Akavua kofia, sawa anasalimia mutu eko mbali. Akageuka, akaenda.