Kopo la Mipira ya Breki

Asubuhi ile duka la spea la kona lilijaa watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Huyu anataka plagi, yule mkanda wa feni, na mwingine ameshika kipande cha chuma ambacho hata yeye hajui kimedondoka kutoka wapi kwenye gari lake. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke kijana aliyevaa gauni la bluu lenye maua madogo, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko na kalamu ameichomeka nyuma ya sikio. Wateja walimwita Bi Spea. Duka lilikuwa la shangazi yake, na shangazi alikuwa na sheria moja tu: mteja asiyeleta cha zamani hauziwi kipya. Aweke kwanza sampuli mezani, ilinganishwe.

"Dada, samahani."

"Foleni inaanzia kule nje, kaka."

"Naijua. Nimeipanga yote, ni wewe tu hukuniona."

Bi Spea akainua macho, na sasa akamwona. Alikuwa mrefu, shati jeupe, vumbi la mbao limemkaa mpaka kwenye nyusi. Aliweka juu ya kaunta mpira mdogo mweusi uliochoka, na kando yake chupa tupu.

"Nipe mipira ya breki kama huu, ile ya kuzuia oili isivuje, gurudumu la nyuma, pikapu. Na humu nipimie oili ya usukani."

Bi Spea aliigeuza chupa. Lebo ilisema oili ya breki. "Chupa ya breki unaitilia oili ya usukani?"

"Mimi ni seremala. Kwetu hakitupwi kitu."

"Na ya breki yenyewe?"

"Ninayo nyumbani, kwenye chupa kama hiyo hiyo."

"Basi andika juu, zisije zikakuchanganya."

"Nitakumbuka. Mimi sisahau nilichopewa na mkono mzuri."

Foleni nzima ikacheka. Bi Spea akaimimina ile oili, rangi ya asali kama dada yake wa breki, akafunga kifuniko huku akijikaza asitabasamu. Kalamu ilikuwa pale pale nyuma ya sikio na hakuigusa. Seremala akaondoka na balaa lake mkononi, limefungwa vizuri lisimwagike.

Alisahau mpira wa zamani juu ya kaunta. Bi Spea alitaka kuutupa, akaona haya bila sababu, akautumbukiza ndani ya kopo tupu la biskuti chini ya meza.

Haukupita muda mrefu akarudi. Safari hii nyusi zilikuwa safi na shati limepigwa pasi.

"Nipe mipira mingine kama ile."

"Ile iko wapi?"

"Imekwisha." Akaiweka mezani.

"Imekwisha kama sukari?"

Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua nati, alicheka mpaka zikamponyoka. "Mwanangu, mipira ya breki hukaa miaka. Kinachovuja kwa huyu si breki, ni moyo!"

Seremala alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akacheka na yeye, lakini alichelewa kidogo. "Shangazi ameshanishika. Nitasema nini tena?"

"Na ukifunga mipira mipya, nani anakukanyagia pedali wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba?" aliuliza Bi Spea. "Ile ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu, mmoja chini ya gari."

"Nina gongo la mbao. Nalikaza kati ya kiti na pedali, halafu naingia chini mwenyewe."

"Maskini. Siku moja nitakuja nikukanyagie."

"Ukija hutatoka."

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa utani na harufu ya grisi. Simu zikawa kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi la mbao. Wewe?"

"Nakula maneno yako."

"Utalala njaa, mpenzi, leo sina mengi."

Seremala alimpeleka matembezi kwa pikapu, vitanda vimefungwa nyuma, madirisha yameshushwa. Kiganja chake kilikuwa kigumu na cha joto juu ya mkono wa Bi Spea. Siku moja, wakitoka mjini, Bi Spea alisikia harufu ya kitu kinachoungua upande wa nyuma.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni vanishi ya vitanda. Jua kali."

Mtu aliyekulia duka la spea anaijua harufu ya breki inayong'ang'ania. Bi Spea aliijua. Lakini Seremala alikuwa anamchekesha, upepo unampuliza kilemba, na alikuwa na furaha. Akaiacha harufu ipite dirishani.

Seremala akaja mara ya tatu, mipira ile ile. Bi Spea hakuuliza tena. Alimtania tu, akamwuzia, akachukua ile ya zamani bila hata kuitazama na kuiweka kwenye kopo na wenzake. Kila mtu ana namna yake ya kutunza kumbukumbu za mpenzi. Wengine hutunza maua.

"Oili unayo bado?" alimwuliza.

"Ninayo. Ile chupa haiishi."

Hakuna chupa isiyoisha duniani, na yeye muuza oili angepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakulisikia. Alisikia sauti tu, si maneno.

Kisha ikaja ile Jumanne. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jingine la spea, na nyuma ya kaunta yake msichana mwenye kucha nyekundu na kicheko kinachovuka barabara bila kuangalia magari. Bi Spea alikuwa akipanga vichujio dirishani alipomwona Seremala amesimama kule, ameinama kwenye kaunta, anaongea chini chini. Yule msichana akacheka. Seremala akapokea kifuko kidogo, akakitia mfukoni upesi, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaondoka.

Bi Spea hakutaka kuuliza. Akavuka barabara, akauliza.

"Yule?" alisema msichana wa kucha nyekundu. "Amenunua mipira ya breki. Mcheshi huyo, eti nisimwambie mtu!"

Simu aliyopiga Bi Spea siku hiyo haikuwa na "umekula".

"Ulikuwa wapi mchana?"

"Karakana. Nilikuwa napiga randa."

"Randa ya kucha nyekundu?"



"Nilinunua mipira tu, mpenzi."

"Mipira ya breki! Kwa hiyo kila kaunta ina mipira yake? Mimi ulinianza hivyo hivyo, na shangazi akacheka hivyo hivyo. Kumbe ni wimbo wako, unauimba mtaa mzima!"

"Si hivyo. Ni kwamba..."

"Ni kwamba nini? Sema."

Alimsikia akivuta pumzi. Alisubiri. Neno moja tu lingetosha, na mwanamume yule aliyejua kuunga mbao mpaka kiungo kisionekane alishindwa kulitoa.

"Basi," alisema Seremala. "Kama ndivyo unavyoniona."

Bi Spea akamfungia namba. Akalia mpaka macho yakavimba, na kesho yake akafungua duka akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Vua hayo madude, wateja watadhani tunauza giza," alisema shangazi. Kisha akalegeza sauti. "Nimemwona asubuhi kwenye kituo cha mafuta. Amepakia vitanda mpaka juu, anavipeleka bweni la bondeni. Amekonda. Akaniuliza kama hujambo."

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia akuulize mwenyewe."

Bondeni maana yake ni mteremko mrefu, kona juu ya kona, mlima kushoto na korongo kulia. Bi Spea alisema moyoni kwamba hayamhusu. Akainama chini ya meza, akalivuta kopo la biskuti akalimwage jalalani, liondoke na mwenyewe.

Lilikuwa zito kidogo kuliko alivyokumbuka. Akalifungua.

Wa kwanza, ule wa siku ya foleni, ulikuwa umelika na kukakamaa, mpira uliozeeka kihalali. Lakini ile iliyofuata, aliyoiuza yeye mwenyewe ikiwa mipya, ilikuwa imevimba. Minene, milaini, inabonyea na kunata. Akachukua mpya kutoka rafuni akaulinganisha, kama shangazi alivyomfundisha. Ule wa kopo haukuingia hata kwenye kipakiti cha ule mpya.

Mpira wa breki hauvimbi kwa kukanyagwa. Huvimba ukinyweshwa oili isiyo yake.

Chupa mbili pacha. Ile iliyokuwa haiishi. Na mkono uliomimina.

"Shangazi," alisema, akimnyooshea mpira uliovimba. "Alikuwa haji kuniona."

"Nani?"

"Breki zake zilikuwa zinakufa kweli. Alikuwa anakuja kununua mipira, na sisi tukamcheka. Akaona haya kusema kwamba hawezi kulitengeneza gari lake, akaenda kuificha aibu ng'ambo."

Shangazi aliuchukua mpira, akaubonyeza, akaunusa. Uso wake ukabadilika. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Piga simu, mwanangu. Piga sasa hivi."

Akaifungua namba, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa. Ana hasira, akawaza, na ana haki nayo. Akanyakua simu ya shangazi.

"Haloo, shangazi?"

"Ni mimi. Usikate! Uko wapi?"

"Mteremkoni. Nimeweka spika. Nitakupigia nikifika chini, hapa pabaya."

"Simama."

"Mbona..."

"Simama, nakwambia! Kanyaga breki usimame!"

Alisikia injini, kamba zikilia, vitanda vikigongana. Kisha akasikia pumzi yake.

"Imeshuka," alisema Seremala.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Nimepampu. Hakuna kitu."

Duka lilikuwa limejaa wateja, wote wamemgeukia.

"Nisikilize. Usizime injini, usiiweke huru. Shusha gia, moja moja. Breki ya mkono uivute kidogo, uachie, uvute tena."

"Ya pili imeingia." Injini ilipiga yowe. "Nisikilize na wewe. Kule ng'ambo nilinunua mipira tu. Nilikuwa nimekwama. Shangazi aliposema ni moyo, nikaona afadhali nionekane mpenzi kuliko nionekane mjinga. Halafu nikapenda kweli. Wallahi nilipenda kweli."

"Usiniage!"

"Siagi. Naungama."

"Utaungama ukifika. Kushoto kuna nini?"

"Mlima. Jiwe tupu." Tairi zikalia kwenye kona. "Mbele kuna lundo la kokoto. La watengeneza barabara."

"Ingia humo."

"Vitanda vya watu..."

"Viache vife! Ingia!"

Ulisikika mvumo kama mvua ya mawe, kisha mbao zikivunjika, moja, nyingine, nyingi. Simu haikukatika. Bi Spea alisimama ameibana sikioni, anasikiliza kitu kikidondoka tone kwa tone mahali fulani kule mteremkoni. Aliita. Akaita tena kwa jina la utani ambalo hajawahi kulitamka mbele ya watu, na wanaume wazima wakatazama chini.

"Nipo," ilisema simu. "Mkono wangu haunitii, lakini nipo."

Bi Spea alipofika kwa pikipiki, wapita njia walikuwa wameshamtoa. Alikuwa amekaa chini kando ya barabara, mkono wa kulia umefungwa kwenye shati, amezungukwa na miguu ya vitanda. Pikapu ilikuwa imezika pua kwenye kokoto. Mbele yake tu, barabara ilikata kona, na baada ya kona hapakuwa na ukingo. Bi Spea aliitazama kona ile mara moja, hakuitazama tena. Akaingiza mkono nyuma ya kiti cha pikapu, akatoa chupa yenye lebo ya breki, akasugua tone kati ya vidole.

"Ni ya usukani. Ni ile niliyokumiminia mimi, na kalamu ilikuwa sikioni mwangu."

"Uliniambia niandike."

"Ningeandika mwenyewe."

"Na mimi ningesema mwenyewe," alisema Seremala. Walilia wote wawili pale pale, bila kujali nani anapita.

Plasta ilipokuwa bado mpya mkononi, pikapu ilipandishwa juu ya magogo kwenye ua wa karakana, pua imebonyea na kila bomba la breki limeoshwa. Mipira ilibadilishwa yote, magurudumu yote, na masta silinda pia, ile pampu kuu ya breki. Bi Spea, ndani ya ovaroli la Seremala alilolikunja mara tatu miguuni, alilala chini ya gurudumu la nyuma na spana. Seremala alikaa nyuma ya usukani.

"Gongo liko wapi?" aliuliza kutoka chini.

"Nimelichoma."

"Vizuri. Kanyaga. Tena. Tena. Shikilia, usiachie mpaka nikwambie."

Akalegeza nipeli, kile kiskurubu cha kutolea upepo. Oili ikachuruzika na mapovu yake, na ndani ya gari Seremala akatoa sauti ambayo Bi Spea alikuwa ameisikia mara moja tu, kwenye simu.

"Inashuka!" Alimsikia akiupiga usukani kwa kiganja. "Inashuka, mpenzi, inakwenda mpaka chini!"

"Najua. Ni mimi nimefungua. Shikilia tu."

"Nimeshikilia."

Akakaza nipeli. "Achia sasa. Pumua."

Walirudia hivyo gurudumu kwa gurudumu. Kila pedali iliposhuka alimsikia akikata pumzi, na kila mara alimwambia ni yeye. Kwenye gurudumu la mwisho Seremala hakungoja kuambiwa.

"Nikija kwa shangazi kuposa, nije na nini?"

"Amesema uje na oili ya breki, chupa ambayo haijafunguliwa."

"Na wewe unasemaje?"

Oili ilitoka safi, bila povu hata moja. Bi Spea alikaza nipeli, akaifuta, akabaki amelala pale na mkono juu ya chuma.

"Kanyaga kwanza," alisema.

Seremala alikanyaga. Pedali ilisimama juu, ngumu, haikwenda popote. Alikaa ameikanyaga muda mrefu, na Bi Spea hakumwambia aachie.

"Basi njoo kuposa, na shangazi wa kwenu umlete," alimwambia. "Mimi nimekubali."