Karafuu kwenye Mguu wa Tangawizi

Kila jioni Saleha alirudi nyumbani akinuka farasi, na kila jioni bibi yake, Bi Mwanakhamis, alimsimamisha nje. Buti zilivuliwa mlangoni, mvua ya Birmingham inyeshe isinyeshe. Majirani wa mtaa ule wa Saltley, ambao nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta, walikuwa wameshazoea kumwona msichana wa miaka kumi na mitatu amesimama kwa mguu mmoja, soksi imetoboka, akigombana na buti.

“Na mikono hiyo usinigusie mkate wangu!” Bibi alipiga kelele kutoka jikoni.

Mtoto wa Kizanzibari na farasi wapi na wapi? Watu waliuliza, na Saleha alicheka tu. Pembezoni mwa jiji palikuwa na klabu ndogo iliyofundisha watoto wa mjini kupanda farasi. Aliingia pale akiwa na miaka minane, akapewa ufagio kwanza, na sasa alikuwa akipanda vizuri kuliko wote. Poni wake, yaani farasi wa kimo kidogo, alikuwa mali ya klabu. Kwa rangi yake ya kahawia yenye wekundu walimwita Tangawizi.

Mchezo wao una sehemu tatu: farasi hutembea kwa madaha mbele ya majaji, kisha hukimbia porini akiruka magogo na mitaro, kisha huruka viunzi uwanjani. Mwaka huo Saleha alikuwa miongoni mwa watoto sita walioitwa kwenye jaribio la mwisho la timu ya taifa ya vijana. Nafasi zilikuwa mbili. Jaribio lilikuwa Jumapili.

Mtunza farasi wa klabu alikuwa mzee mmoja mrefu wa Bukavu, aliyefika Uingereza akiwa mkimbizi. Watoto wote walimwita Papa Ignace. Alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: kabla ya kuweka tandiko, mpandaji apitishe kiganja kwenye miguu yote minne.

“Farasi haina kinywa ya kusema,” alikuwa akiwaambia kwa Kiswahili cha kwao. “Unaulizaka na mukono.”

Alhamisi, siku ya mapumziko ya Papa Ignace, Saleha alipitisha kiganja. Mguu wa kwanza ulikuwa baridi. Wa pili baridi. Wa tatu, wa mbele kushoto, ulikuwa na joto nyuma ya mfupa, pale kwenye kano, na palikuwa pamevimba kidogo. Alipopabonyeza, Tangawizi aliuvuta mguu wake.

Akamtembeza. Poni alikuwa akichechemea, kidogo sana, lakini alikuwa akichechemea.

Alikwenda kwa kocha wake, Gurpreet. Huyu alikuwa Mpunjabi mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kingali kikali kama cha mtu aliyeondoka jana. Siku hiyo alikuwa na simu mkononi na karatasi kila mahali.

“Kocha, Tangawizi leo kama… kama amechoka.”

“Anakula?”

“Anakula.”

“Basi yuko sawa. Saleha, tumengoja siku hii miaka mitano. Wateuzi hawangoji mtu. Usinitafutie sababu sasa, tafadhali.”

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mawili tu: mguu una joto. Hakuyasema. Na Gurpreet, tuseme ukweli, hakwenda kuangalia.

Nyumbani, Bi Mwanakhamis alikuwa na chupa yake ya dawa ya kuchua, aliyoichanganya mwenyewe kwa mafuta ya karafuu na pilipili kali. Nusu ya mtaa walikuwa wakija kuiomba. Wenye viuno na wenye magoti waliondoka wakisema hawasikii tena maumivu. Lakini Bibi hakumpa mtu chupa mpaka aahidi mbele yake kukaa kitako siku tatu: hakuna kunyanyua ndoo, hakuna kupanda ngazi. Asiyeahidi alirudi kwao na kiuno chake.

“Bibi, goti langu linauma,” alisema Saleha.

“Yarabi, farasi huyo! Utakaa siku tatu?”

“Nitakaa.”

“Niambie nikusikie.”

“Nitakaa siku tatu, Bibi.”

Akapewa. Ule ulikuwa uongo wa kwanza, na ulimtoka kwa wepesi uliomtisha mwenyewe.

Ijumaa na Jumamosi, alfajiri kabla Papa Ignace hajafika, alimchua poni mguu. Kweli, kuchechemea kukaisha. Jumapili asubuhi, walipofika uwanjani, Papa Ignace alifungua bendeji za safari, zile alizomfunga yeye mwenyewe, akaweka kiganja. Akakunja uso. Akaweka tena.

“Mutoto, hii muguu iko na moto.”

“Ni bendeji, Papa. Amesafiri nazo saa mbili.”

Ule ulikuwa wa pili. Mzee akainuka kwenda kumwambia kocha. Gurpreet akajibu kwamba daktari wa farasi wa mashindano yupo, ataona mwenyewe. Daktari alimkimbiza poni taratibu kwenye lami, mara mbili. Tangawizi alikwenda sawasawa. Akapitishwa.

Mbele ya majaji walifanya vizuri kuliko wote. Kisha wakaingia porini, na Tangawizi, masikini, akakimbia kwa moyo wake wote, kwa sababu hakuna kilichomwambia apunguze. Gogo la kwanza, la pili, mtaro, kichaka. Kwenye kikwazo cha kumi na moja aliruka vizuri na kutua vibaya. Saleha alisikia mlio, mfupi, kama kamba iliyokatika. Mara akawa amelala kwenye matope akitazama anga.

Aliinuka mzima. Tangawizi alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Ule wa nne ulikuwa ukining’inia, na alikuwa akitetemeka mwili mzima. Hakulia. Farasi halii. Alimtazama tu Saleha akija, na akasogeza pua yake kifuani pake kama kila siku.

Kwa kuwa poni alikuwa ameumia, daktari alichukua damu na kuufuta ule mguu kwa pamba, kama kanuni zinavyotaka, vikapelekwa kupimwa.

Majibu yalifika baada ya siku tisa. Mguuni palikuwa na pilipili, na pilipili ni marufuku, kwa sababu huficha maumivu. Klabu ikauliza: nani alimfunga poni bendeji? Papa Ignace. Nani alitia sahihi kuwa mtunzaji wake siku ile? Papa Ignace. Mzee alisema hakuweka kitu, akaambiwa akabidhi funguo za mabanda na akae nyumbani mpaka kikao cha Ijumaa. Mtu aliyekuwa akilala karibu na farasi wanaozaa, leo anaitwa mtesaji wa farasi!

Siku hiyohiyo wateuzi wa timu waliandika barua. Mpandaji ni mtoto na hana hatia, walisema. Alama zake za uwanjani zilikuwa za juu kabisa. Nafasi yake ipo, atapewa poni mwingine. Gurpreet alimsomea simuni.

“Umeingia, Saleha. Umesikia? Timu ya taifa!”

Saleha alisema ahsante. Kisha akaingia chooni akajifungia, akakaa sakafuni. Angenyamaza, mambo yangekwisha: angevaa koti la timu lenye jina lake mgongoni. Angesema, koti lingekwenda, na hakuna mtu angelirudisha. Alinyamaza siku mbili. Skuli alikaa nyuma ya darasa.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Alimkuta Papa Ignace bandani akikusanya vitu vyake: koti, kikombe, brashi mbili kuukuu. Mzee hakumkaripia. Alimwita mbele ya Tangawizi, aliyefungwa mguu mpaka juu, akamwonyesha namna ya kubadilisha bendeji bila kubana.

“Hapa usikaze. Nywele zilitoka, ngozi iliungua.”

Kweli. Juu ya kano ngozi ilikuwa nyekundu na tupu, upana wa kiganja cha mtoto. Pilipili aliyoistahimili babu wa Saltley ilikuwa imemuunguza poni.

“Papa,” Saleha aliuliza, “unajua ni nani?”

“Ile siku, bendeji ilikuwa na harufu ya karafuu. Miye sitiyaka karafuu kwa farasi.” Alifunga begi lake. “Niliwaambia si miye. Hiyo ingine si kazi yangu kuisema. Miye nilikuwa nangoja.”

“Ulikuwa unangoja nini?”

“Weye.”

Saleha alilia mpaka kwikwi ikamshika. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti, akavuka uwanja kwenda ofisini, mbio, asije akabadili nia njiani.

“Ni mimi,” alimwambia Gurpreet, kabla hata ya kusalimia. “Mguu ulikuwa mbovu tangu Alhamisi. Nilijua. Nilimpaka dawa ya Bibi ili asichechemee. Papa Ignace hakufanya kitu.”

Gurpreet aliweka kalamu chini. Barua ya wateuzi ilikuwa mbele yake mezani.

“Unajua nikipiga simu hii utapoteza nini?”

“Najua.”

“Na mimi?” Gurpreet alijifunika uso. “Ulikuja kwangu ukaniambia amechoka. Papa akaja akaniambia mguu una moto. Mara mbili nimeambiwa, mara mbili sikuinuka kwenye kiti. Niliitaka timu hiyo kuliko wewe.” Alivuta simu. “Nitasema yako, na yangu pia nitasema.”

Kikao cha Ijumaa kilikuwa kifupi. Papa Ignace alirudishiwa funguo zake, na mwenyekiti akamwomba radhi mbele ya wote. Saleha aliondolewa timuni na kufungiwa kushindana kwa mwaka mzima. Gurpreet alisimamishwa kufundisha miezi sita. Daktari alisema Tangawizi ataishi, lakini hataruka tena wala kubeba mtu mgongoni.

Jumamosi Bi Mwanakhamis alikwenda klabu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu, na tangu jana hakuwa amemsemesha mjukuu wake. Aliingia bandani amelipandisha baibui lake juu ya viatu, akasimama mbele ya Tangawizi, akatazama ile ngozi tupu. Machozi yakamtoka.

“Dawa yangu imefanya hivi?”

“Si dawa yako, Bibi. Ni mimi.”

“Hebu nisikilize.” Bibi alishusha pumzi. “Kwa nini nikimpa mtu chupa namwekea sharti akae siku tatu? Unadhani ni ukorofi wangu wa kizee? Kiungo kikiuma kinasema, niache. Dawa ile inakinyamazisha ili mtu apate kupumzika. Wewe umekinyamazisha ili ukitumikishe. Mtu mzima angekataa, angesema basi. Huyu angesema na nani? Alikuwa na wewe tu, na wewe ulikuwa unataka koti.”

Saleha aliinamisha kichwa.

“Ukiona kitu na ukajua ni kibaya, kiseme siku ileile kingali kidogo. Alhamisi ungesema, ungekosa Jumapili moja. Umekaa kimya, tazama: farasi huyu hana mguu, na mzee wa watu nusura akose kazi na heshima yake. Lakini juzi umesema. Umechelewa, ila umesema, na kwa hilo sijakutupa.” Bibi alipindua ndoo tupu, akaisukuma karibu na Tangawizi. “Uliniahidi siku tatu za kukaa kitako.”

“Sikuzikaa, Bibi.”

“Zikae sasa.”

Saleha alikaa. Siku hiyo, na kesho yake, na siku iliyofuata, alikaa juu ya ile ndoo bila simu wala kitabu, akitazama namna poni anavyotafuta pa kuuweka mguu wake asipate. Siku ya nne alikuja tena, akavua glavu, akapitisha kiganja kwenye miguu yote minne.